Zamu ya Mashine Kwenye Karatasi

Mchoraji akiambiwa kwamba kompyuta imejifunza mtindo wake, swali la kwanza la kuuliza ni fupi: imejifunza kwa kutazama nini? Ikiwa imepewa picha zake zilizokwisha kukamilika, imejifunza kitu kimoja. Ikiwa imepewa mwendo wa mkono wake, mstari baada ya mstari, alipoanzia, alipokaza kalamu na alipoiinua, imejifunza kitu kingine kabisa. Kwa anayetaka tu picha inayofanana na za mchoraji huyo, tofauti hiyo haina uzito. Uzito wake huonekana pale mashine inapowekwa upande wa pili wa karatasi na kuambiwa: haya, zamu yako.

Chukua duara. Mwezi Novemba 2016 kampuni ya Google ilitoa mchezo uitwao Quick, Draw!, ambao humtaka mchezaji achore kitu alichotajiwa ndani ya sekunde 20 huku kompyuta ikikisia ni kitu gani. Watu zaidi ya milioni 15 walicheza, na michoro milioni 50 ya vitu vya aina 345 ikawekwa hadharani ili yeyote aitumie. Kila mchoro ulihifadhiwa pamoja na mwendo uliouzaa. Waliochambua maduara yaliyomo wakakuta kwamba wachezaji wengi wa Marekani huzungusha duara kinyume cha mwendo wa saa, na wengi wa Japani hulizungusha kufuata mwendo wa saa. Maelezo yanayotolewa ni ya darasani: mtoto anayefundishwa herufi za Kijapani hufundishwa pia mpangilio wa mistari yake, na mkono hubaki na mazoea hayo hadi uzeeni. Duara likishafungwa, hakuna awezaye kukuambia lilizungushwa vipi. Mazoea yenyewe yamo, ila hayaonekani tena.

Picha iliyokamilika, basi, huificha njia iliyoizaa. Na kuchora pamoja hufanyika njiani, kabla picha haijawa picha. Kwa maoni yangu hilo ndilo linaloeleza kwa nini mashine zilizo hodari sana wa kuiga zimekuwa wenzi dhaifu wa kuchora nao, na kwa nini baadhi ya mashine zenye mkono mzito zimekuwa wenzi wazuri.

Wa kwanza kulishughulikia jambo hili kwa dhati alikuwa mchoraji, na kompyuta alizifahamu akiwa mtu mzima. Harold Cohen alizaliwa London mwaka 1928. Mwaka 1966 alikuwa mmoja wa wasanii watano walioiwakilisha Uingereza katika maonyesho ya Biennale ya Venice, jina lake likiwa tayari limeshika. Mwaka 1968 akaenda kufundisha katika Chuo Kikuu cha California, San Diego, na huko akajifunza kuandika programu. Aliyemfundisha ni Jef Raskin, wakati huo akisoma muziki chuoni hapo, ambaye baadaye alianzisha mradi wa kompyuta za Macintosh. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Cohen alianza kuiandika programu aliyoiita AARON, na hakuiacha hadi alipofariki mwaka 2016.

Cohen hakuiambia AARON iige picha zake. Swali lake lilikuwa la chini zaidi: alama chache kabisa zinahitaji nini ili mtazamaji azione kuwa ni taswira na si uchafu wa karatasi? Majibu aliyapata kwa kujichunguza mwenyewe, na pia kwa kutazama michoro ya kale iliyochongwa kwenye miamba ya California. Akayageuza kuwa kanuni. Umbo lililofungwa ni tofauti na mstari ulio wazi. Ndani si sawa na nje. Kitu kilicho mbele hukificha kilicho nyuma. Programu iliyobeba kanuni hizo iliweza kukaa usiku kucha ikitoa michoro, na hakuna uliofanana na mwingine.

Jambo la AARON ninalolipenda zaidi ni namna ilivyovuta mstari. Programu ya kawaida ya wakati ule ingekokotoa njia yote kwanza, kisha ikaichora, na mstari ungetoka umenyooka kama waya. Cohen aliipa AARON mahali pa kuanzia, mahali pa kufikia na uelekeo wa kuingilia huko mwisho. Programu ikasogea hatua ndogo, ikapima imepotoka kiasi gani, ikajirekebisha, ikasogea tena. Mstari uliotoka ulikuwa na kusita na kuyumba, kwa sababu kila sehemu yake ilikuwa uamuzi uliofanyika papo hapo. Mwaka 1979, katika Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya San Francisco, wageni walikitazama kiroboti chenye magurudumu kikitembea juu ya karatasi kubwa iliyotandazwa sakafuni na kuchora hivyo. Kuyumba huko hakukuongezwa mwishoni ili kuwafurahisha. Kulitokana na utaratibu wenyewe wa kusogea.

Lakini AARON haikuwa ikijifunza kwa maana tunayoitumia leo. Haikuwa na jicho. Haikuona picha yoyote ya Cohen wala ya mtu mwingine; kilichokuwemo ndani yake ni kanuni zilizoandikwa na mtu mmoja, na kumbukumbu ya kile ambacho yenyewe ilikuwa imekwisha kukichora kwenye karatasi iliyo mbele yake. Ili ichore watu katika miaka ya 1980, ilibidi Cohen aiandikie viungo vya mwili hukunjika wapi na kichwa hukaaje shingoni. Ili ichore mimea, aiandikie tawi linavyopungua unene kadiri linavyogawanyika.

Ushirikiano ulitokea kando ya mpango. Kwa miaka mingi AARON ilichora mistari tu, na Cohen akaipaka rangi kwa mkono. Kisha akataka programu ipake rangi yenyewe, na mwaka 1995 mashine yake ya kupaka rangi ikaonyeshwa katika Makumbusho ya Kompyuta ya Boston. Ungetegemea hadithi iishie hapo, mashine ikijitegemea na bwana akipumzika. Cohen alirudi nyuma. Katika miaka yake ya mwisho alisimama mbele ya skrini kubwa ya kugusa na kupaka rangi kwa vidole juu ya michoro ya AARON. Alikuwa ameshaijenga mashine isiyomhitaji, akaona hailipi. Alitaka zamu yake irudi.

Njia ya pili ilikuja mwaka 2015 kutoka Tübingen, Ujerumani. Leon Gatys, Alexander Ecker na Matthias Bethge walitoa utafiti ulioonyesha picha ya kawaida ya nyumba za mji huo, zilizo kando ya mto Neckar, ikiwa imegeuzwa kana kwamba imechorwa na Van Gogh, kisha na Munch, kisha na Turner. Programu za simu zilizofuata baada ya hapo zilifanya kila mtu apate sura yake katika mtindo wa mchoraji aliyemtaka, na watu wakachoka nazo haraka. Kanuni iliyo ndani yake, hata hivyo, inastahili kuelezwa polepole, kwa sababu ndiyo inayoonyesha maana ya mtindo unapotolewa kwenye picha iliyokamilika.

Mtandao wa neva bandia uliofunzwa kutambua vitu hutazama picha kwa tabaka. Tabaka za mwanzo hushika mambo madogo: ukingo, kona, mahali rangi inapobadilika. Tabaka za ndani hushika maumbo makubwa: dirisha, paa, uso. Watafiti wa Tübingen waliuliza ni mambo gani huonekana pamoja mara kwa mara. Penye mkunjo wa buluu huwa pana michirizi ya njano? Penye ukingo mweusi huwa pana rangi iliyotulia? Majibu yakawekwa katika jedwali la namba, na jedwali hilo ndilo walilolihesabu kuwa mtindo. Kisha kompyuta ikaibadili picha kidogo kidogo hadi jedwali lake lilingane na la Van Gogh, huku tabaka za ndani zikiendelea kuziona nyumba zilezile.

Jedwali hilo halisemi lolote kuhusu mahali. Ni sawa na mtu anayejua kwamba katika kanga fulani nyekundu huandamana na nyeusi na korosho huandamana na madoa, lakini hajui kuwa pindo huzunguka pembeni, mji hukaa katikati na jina huandikwa chini yake. Mtu huyo anaweza kukutengenezea kitambaa ambacho kwa mbali utakiita kanga. Ukikaribia utaona pindo limeingia mjini. Na mashine ya namna hii haina zamu: huupaka uso wote wa picha kwa mara moja, tena na tena, hadi hesabu itulie. Hakuna mahali ambapo mwenzake angeweza kuingiza mkono.

Mifumo iliyofuata, inayotoa picha kutokana na maneno, imeshinda sehemu kubwa ya tatizo la mahali. Inajua mji uko wapi na pindo liko wapi. Tangu mwaka 2022 mtu mwenye kompyuta nzuri nyumbani anaweza kuchukua mfumo wa aina hiyo, akaongeza marekebisho madogo juu yake, na kwa picha chache za msanii mmoja akapata kitu kinachotoa kazi zinazofanana na zake. Bado kinajifunza kutoka kwenye picha zilizokamilika. Nitarudi kwake, maana huko ndiko kwenye ugomvi.

Kwanza twende kwa waliochagua mwendo. Mwaka 2017 David Ha na Douglas Eck wa Google waliichukua ile michoro ya mchezo wa sekunde 20 na kuufunza mfumo walioupa jina Sketch-RNN. Kwao mchoro haukuwa mraba uliojaa nukta za rangi. Ulikuwa orodha ya hatua, na kila hatua ilikuwa namba tano. Mbili za kwanza husema kalamu imesogea kiasi gani kulia au kushoto, na kiasi gani juu au chini. Tatu za mwisho ni za hali ya kalamu: inagusa karatasi na itaendelea, inainuliwa, au mchoro umekwisha. Hatua inayosomeka 18, −4, 1, 0, 0 ina maana kwamba kalamu imesogea 18 kwa mlalo, ikasogea 4 kwa wima, na bado iko kwenye karatasi. Paka mzima, masikio, sharubu na yote, ni safu ya mistari ya namba kama hiyo, kwa mpangilio uleule aliochorwa.

Mfumo husoma hatua zilizopita na kukisia inayofuata. Hautoi jibu moja. Hutoa eneo la makisio: kalamu huenda ikaenda hapa, kuna uwezekano kiasi ikaenda pale, ni vigumu ikaenda kule. Kisha hatua moja huchaguliwa kwa bahati nasibu ndani ya eneo hilo. Kuna kipimo cha kuamua bahati nasibu hiyo iwe ya woga au ya ujasiri. Ukikishusha, mfumo huchora paka ambaye kila mtu angemchora. Ukikipandisha, paka huanza kuota mambo.

Jaribio moja la Ha na Eck linaonyesha kilichojifunzwa hasa. Waliupa mfumo uliofunzwa kwa paka mchoro wa paka mwenye macho matatu na kuuambia uuchore upya. Ukatoa paka mwenye macho mawili. Nguruwe mwenye miguu minane akatoka na minne. Ni jambo la kuchekesha, na pia ni onyo. Mfumo ulikuwa umejifunza paka wa umma, wastani wa watu elfu nyingi wenye haraka, na chochote ambacho mtu mmoja alikitia kwa makusudi ulikiona kuwa kosa la kusahihishwa. Mtindo wa msanii mara nyingi ndio lile jicho la tatu.

Hapa hesabu inakaba. Kila aina ya kitu katika Sketch-RNN ilifunzwa kwa michoro 70,000. Ni msanii gani aliyechora paka 70,000, na kurekodi mwendo wa kila mmoja? Njia inayotumika ni kuufunza mfumo kwanza kwa michoro ya watu wote, ujue mstari ni nini na umbo hufungwaje, kisha kuupa michoro michache ya msanii husika ili ujipinde kuelekea kwake. Ukimpa msanii muda mfupi mno, sauti ya umma inabaki juu. Ukimpa mrefu mno, mfumo unakariri michoro yake michache na kuirudia kama ilivyo. Kati ya hayo mawili kuna nafasi nyembamba, na kuipata ni kazi ya jicho kuliko ya fomula.

Google waliweka pia jaribio la kuchora na mfumo huo: unachora mistari michache, nao unaendelea ulipoachia. Ukiutumia kwa dakika chache utagundua kasoro iliyomo katika wazo lenyewe. Mashine humalizia. Umeweka duara, yenyewe inaweka masikio, macho, pua, sharubu, imekwisha, asante. Hakuna mahali ambapo imekuachia kitu. Kumalizia na kujibu ni vitu viwili, na karibu kila mfumo wa miaka ile ulifundishwa kumalizia.

Aliyelielewa hilo mapema ni Sougwen Chung, msanii wa Kanada mwenye asili ya China, aliyewahi kuwa mtafiti katika maabara ya Media Lab ya chuo cha MIT. Mwaka 2015 alianza mfululizo wa kazi aliouita Drawing Operations, akichora pamoja na mkono wa roboti kwenye karatasi moja, mara nyingi mbele ya watazamaji. Roboti wa kizazi cha kwanza hakuwa amejifunza chochote. Kamera iliyoning'inizwa juu ilifuatilia mkono wa Chung, na roboti akaiga mwendo huo papo hapo. Aliiga kwa kuchelewa na kwa kukosea. Mstari wake haukulingana na wa Chung, na Chung, alipouona, akabadili mstari wake uliofuata. Mashine isiyojua kitu ikawa tayari ni mwenzi, kwa kuwa ilikuwapo wakati kazi ikifanyika.

Kizazi cha pili, cha mwaka 2017, ndicho kinachoingia moja kwa moja katika mada yetu. Chung alichukua hifadhi ya michoro yake ya miaka mingi na kuufunza mtandao wa neva kwa michoro hiyo, kisha roboti akachora naye akiongozwa na mtandao huo. Kazi hiyo aliiita Memory. Sasa mbele yake palikuwa na mkono unaojua tabia zake za zamani. Makumbusho ya Victoria and Albert ya London yameichukua katika hazina yake, jambo ambalo lingewashangaza watunza makumbusho wa miaka 30 iliyopita, maana wanachotunza hapo ni pamoja na mfumo uliofunzwa.

Mtu angetarajia kizazi cha tatu kiwe hodari zaidi wa kumwiga. Chung alikwenda kwingine. Mwaka 2018 aliwalisha roboti wake mwendo wa umati wa New York uliochukuliwa kutoka kamera za barabarani, na akapaka rangi pamoja na kundi la roboti wadogo waliotembea juu ya turubai. Baadaye akatumia mawimbi ya ubongo wake mwenyewe. Ninavyoisoma safari hiyo, aliufikia mtindo wake ndani ya mashine na akaona haumtoshi. Mwenzi anayefanya kile tu ambacho wewe ungekifanya hakuongezei kitu. Tena mfumo uliofunzwa kwa michoro ya jana hubaki jana, ilhali mkono wa msanii unaendelea kubadilika, na unabadilika zaidi unapochora na mfumo huo. Ukiufunza upya kwa michoro hiyo mipya, tayari umo ndani ya data yake yenyewe. Baada ya mizunguko kadhaa ni vigumu kusema nani alimfundisha nani.

Upande wa wahandisi, kazi iliyonivutia zaidi ni ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh. Huko kuna roboti mpaka rangi aitwaye FRIDA, jina alilopewa kwa heshima ya Frida Kahlo. Kabla ya kuanza, roboti huyo hujaribu mipigo ya brashi, huipiga picha, na hivyo kujua brashi yake hufanya nini hasa, tofauti na inavyodhaniwa kufanya. Katikati ya kazi husimama, hupiga picha turubai, hulinganisha na alichokusudia, na kupanga upya. Mtu aliyesoma habari za AARON ataitambua tabia hiyo mara moja.

Toleo lake la kuchora na binadamu, CoFRIDA, lilianza na tatizo ambalo yeyote aliyejaribu mifumo ya picha analijua. Ukiupa mfumo mchoro ulioishia katikati na kuuambia uongeze mti, hufuta ulichochora na kukuletea picha mpya yenye mti. Haukufundishwa kuheshimu kilichopo. Watafiti wakatengeneza data ya kuufundisha: wanachukua picha iliyokamilika, wanaigeuza kuwa mipigo ya brashi ambayo roboti anaiweza, wanaondoa baadhi ya mipigo hiyo, kisha wanaufunza mfumo uifikie picha nzima kutoka kwenye hiyo iliyopunguzwa. Baada ya maelfu ya mifano kama hiyo, unazoea kuongeza bila kufuta.

Ni mbinu ya busara, na inafanya kazi. Ila itazame vizuri. Nusu iliyopatikana kwa kuondoa mipigo kwenye picha iliyokwisha si nusu ambayo mchoraji angeiacha mezani akaenda kunywa chai. Mchoraji huacha kazi ikiwa na mpangilio wake: mandhari imekauka, kiini kimewekwa, mapambo bado. Picha za Tingatinga zinalionyesha jambo hili vizuri. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwenye hadibodi, kwa rangi za kung'aa za kupakia baiskeli, na alipouawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972 waliokuwa wamekaa naye wakijifunza ndio walioendeleza. Rangi ya namna ile haisubirishwi bila sababu: ukiweka madoa ya chui kabla mandhari haijakauka, rangi zinaingiliana na kazi imeharibika. Mpangilio wa kazi uliamuliwa na kopo la rangi. Mwanafunzi aliyekaa kando ya mwalimu aliupata bila kuambiwa. Kompyuta iliyolishwa picha 1,000 za dukani ingepata madoa, macho makubwa na mikia iliyopinda, na isingekuwa na fununu kwamba kuna kusubiri katikati.

Mfano huohuo unaleta swali la ruhusa. Mtindo wa Tingatinga una wenyewe wengi, na baadhi yao wamejikusanya katika ushirika tangu mwaka 1990. Nani atie saini ili mashine ifunzwe? Kwa msanii mmoja swali linaonekana rahisi, lakini majibu ya miaka hii hayajawa mazuri. Greg Rutkowski, mchoraji wa Poland anayechora mazimwi na mandhari za kifalme, aligundua mwaka 2022 kwamba jina lake lilikuwa miongoni mwa yaliyoandikwa zaidi na watu walioomba picha kwa mashine. Hakuwa ameombwa ruhusa. Januari 2023 wachoraji watatu wa Marekani walifungua kesi California dhidi ya kampuni zilizotengeneza au kutumia mifumo hiyo. Mwaka huohuo timu ya Ben Zhao katika Chuo Kikuu cha Chicago ilitoa Glaze, programu inayoibadilisha picha kwa kiasi ambacho jicho hukiona kwa shida, ili mashine inayojifunza ione mtindo tofauti na uliopo.

Ukiweka kesi hizo karibu na kazi ya Chung, unaona kwamba ubishi hauhusu kama mashine ijifunze mtindo wa mtu au isijifunze. Chung alichagua michoro, akachagua mashine, na akabaki kwenye karatasi. Rutkowski aliondolewa kwenye karatasi kabisa, jina likabaki. Kwa hiyo sidhani kuwa neno ushirikiano linafaa kwa mfumo ambao msanii ambaye michoro yake iliufunza hayupo wakati unapofanya kazi, hata uwe mzuri namna gani.

Kwa vijana wanaochora kwenye tableti leo, Dar es Salaam au Nairobi, upande wa data umebadilika bila kelele. Procreate, programu wanayoitumia wengi, hurekodi yenyewe video ya mchoro unavyoendelea, na kalamu za kidijitali hupima hata mkazo wa mkono. Anayetunza kumbukumbu hizo ana kitu ambacho hakuna anayeweza kukitoa kwenye picha aliyoiweka mtandaoni. Cohen hakuwa nacho. Ilimbidi ajichunguze kwa miaka na kuandika.

Hata hivyo kumbukumbu hizo zina pengo, na pengo hilo ndilo gumu kuliko yote. Turudi kwenye zile namba tano za Sketch-RNN. Namba ya mwisho, inayosema mchoro umekwisha, hutokea mara moja tu katika mchoro mzima, ilhali hatua nyingine ni makumi. Mfumo unaojifunza kwa wingi huona tukio hilo ni adimu mno, hivyo Ha na Eck iliwabidi wairefushe kila orodha kwa kurudia alama ya mwisho hadi ilingane na mchoro mrefu kuliko yote, ili mfumo uichukulie kwa uzito. Hiyo ni kuacha kwa mtu aliye peke yake. Kuacha kwa sababu mwenzako ameshaliweka lililohitajika hakumo kabisa katika data ile, wala katika hifadhi ya Chung, wala katika rekodi za kijana wa tableti. Msanii anayechora peke yake hajawahi kumjibu mtu. Michoro yake, hata ikiwa elfu kumi na yote imerekodiwa hatua kwa hatua, haina zamu hata moja ndani yake. Mashine ikifunzwa kwa michoro hiyo itaujua mkono wake vizuri na bado haitajua la kufanya mkono wa mtu mwingine unapogusa karatasi. Data ya jambo hilo hutoka sehemu moja tu: watu wawili wakae, wachore kwenye karatasi moja kwa muda mrefu, na kila hatua irekodiwe, zikiwemo zile ambazo mmoja wao alitazama, akaona pametosha, akapisha.